Kichakataji, Kiini na Mashine Pepe: Historia Fupi ya Istilahi za Seva ya Nyumbani

1. Utangulizi

Mara kwa mara husemwa kwamba Kiswahili kina maneno mengi mno kwa kitu kimoja, na kwamba wingi huo ndio unaowachanganya watumiaji. Mfano unaotolewa aghalabu ni wa mashine yenyewe tunayoizungumzia hapa: wengine huiita kompyuta, wengine tarakilishi, na wengine waliwahi kuiita ngamizi. Katika makala haya tumekusudia kuonyesha kwamba hofu hiyo imeelekezwa pasipo. Kitu kimoja kikiwa na majina mawili, msomaji hujifunza la pili na kazi huendelea. Hasara huja pale jina moja linapobeba vitu viwili, hasa vitu hivyo vikiwa vinauzwa.

Ili kulipima jambo hili tumechagua kazi ndogo inayofanyika siku hizi katika miji ya Mbeya na Iringa, nayo ni kazi ya mtu mwenye seva nyumbani kwake kutaka kuondoa kichakataji cha zamani na kuweka chenye uwezo zaidi, ili seva hiyo iendeshe mashine pepe kadhaa kwa wakati mmoja. Kwa nje kazi hii ni ya fundi tu. Lakini kila hatua yake ina neno, na kila neno lina historia yake. Wafasiri, walimu na watumishi wa Serikali watayakuta maneno haya haya katika vitabu vya kiada, katika miongozo ya vifaa na katika matangazo ya zabuni.

2. Jinsi mashine ilivyofika kabla ya istilahi zake

Kompyuta ya kwanza nchini Tanzania ilifungwa Wizara ya Fedha mwaka 1965. Mwaka 1967 Bunge lilitunga sheria iliyounda Baraza la Kiswahili la Taifa, na katika miaka ya 1970 Baraza likaanza kutoa orodha zake za tafsiri sanifu. Mtu angetazamia kwamba mashine na istilahi zake vingekua pamoja. Haikuwa hivyo. Mwaka 1974, baada ya matatizo yaliyozikumba kazi za hesabu za Serikali na kwa sababu ya uhaba wa fedha za kigeni, Serikali ilipiga marufuku kuingiza kompyuta nchini, pamoja na televisheni. Marufuku hiyo ililegezwa baadaye, lakini kizazi kizima cha wanaistilahi kilifanya kazi yake wakati kompyuta zilikuwa chache na zimefungwa katika ofisi chache. Haishangazi, basi, kwamba istilahi za utawala, sheria na elimu zilipata orodha mapema, ilhali za kompyuta zilibaki mikononi mwa mtu mmoja mmoja.

Ndipo majina matatu yakazuka. Ngamizi lilikuwa na bahati mbaya ya kumkumbusha msikilizaji kitenzi kuangamiza, na halikupata wafuasi wengi. Tarakilishi, linaloanza na sauti za neno tarakimu, lilipokelewa vizuri zaidi Kenya, hususan shuleni. Kompyuta likashika Tanzania, sokoni na ofisini. Hata hivyo hatujapata kusikia kwamba mtu alinunua kitu asichokitaka kwa sababu muuzaji alisema tarakilishi badala ya kompyuta. Maneno hayo matatu yanaelekea kwenye kitu kimoja, na kitu hicho kiko mezani.

Istilahi ziliongezeka kwa kasi katika miaka ya 2000. Mwaka 2003 ilitoka Sera ya Taifa ya Teknolojia ya Habari na Mawasiliano, ikaimarisha kifupisho TEHAMA ambacho leo hakihitaji kufafanuliwa. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu za ofisi kwa Kiswahili. Kazi za aina hiyo zilizaa mamia ya maneno ya skrini: faili, kabrasha, hariri, hifadhi. Lakini hayo ni maneno ya mtu aliyeketi mbele ya kompyuta. Maneno ya aliyelifungua sanduku lake na kushika bisibisi hayakushughulikiwa kwa kiwango hicho, na ndiyo tunayoyashughulikia hapa.

3. Kuchakata: kutoka mkonge hadi tarakimu

Kitenzi kuchakata kilikuwa na kazi nzito kabla ya kuingia katika kompyuta. Mkonge uliletwa Tanga mwaka 1893, na katika mashamba yake majani yalipelekwa kwenye korona, ambako mtambo uliyaponda na kuyakwangua mpaka nyama ya jani ikatoka na nyuzi zikabaki. Kazi hiyo ndiyo kuchakata. Baadaye neno likapanuka hadi kumaanisha kukigeuza kitu ghafi kiwe kitu cha kufaa. Leo tunasikia kuchakata samaki, kuchakata ngozi, kuchakata korosho. Watu wa Nyanda za Juu Kusini wanaijua kazi ya aina hiyo katika viwanda vya chai vya Mufindi na Rungwe, katika kinu cha karatasi cha Mgololo na katika mashine za kukobolea mpunga za Mbarali na Kyela.

Wanaistilahi walipotafuta jina la sehemu ya kompyuta inayopokea tarakimu ghafi na kutoa matokeo, kitenzi hicho kilifaa kabisa. Kutokana nacho tumepata uchakataji, kichakato na kichakataji. Kwetu sisi kichakataji kinafaa zaidi, maana kiambishi cha mwisho kinaonyesha mtenda kazi. Kichakato kinaweza kueleweka kuwa kitu kilichochakatwa. Dukani Mwanjelwa au Miyomboni neno linalosikika ni prosesa. Tukirudi kwenye kanuni tuliyoianza, hapa hakuna hatari: kichakataji na prosesa ni kitu kimoja, kipande bapa kinachokaa katikati ya ubao mama chini ya feni yake.

Kichakataji cha kwanza kilichowekwa chote katika kipande kimoja na kuuzwa kwa umma, Intel 4004 cha mwaka 1971, kilikuwa na transista 2,300. Kwa miaka 30 na zaidi iliyofuata wabunifu waliongeza hasa kasi ya mapigo yake, yaani idadi ya hatua ambazo kichakataji hupiga kwa sekunde moja. Hesabu hiyo hutolewa kwa gigahezi. Gigahezi moja ni mapigo bilioni moja kwa sekunde. Katika enzi hiyo kuchagua kulikuwa rahisi kwa kiasi, kwa kuwa mnunuzi mara nyingi aliangalia namba moja tu. Joto likawashinda wabunifu. Mwaka 2005 kampuni za Intel na AMD zikaanza kuuzia kompyuta za kawaida vichakataji vyenye sehemu mbili za kuchakata ndani ya kipande kimoja. Tangu hapo namba ya pili imeingia dukani, na jina lake ndilo chanzo cha mkanganyiko wa kwanza.

4. Kiini na kiini. Uzi na nyuzi

Sehemu moja kamili ya kuchakata ndani ya kichakataji imeitwa kiini. Neno ni zuri: kiini cha yai, kiini cha tunda, kiini cha habari. Lakini kiini kimekwisha kupewa pia programu ya msingi ya mfumo wa uendeshaji, ile inayogawa kumbukumbu na muda baina ya programu nyingine. Katika kazi za ofisi viini hivi viwili havikutani. Katika seva ya mashine pepe hukutana katika sentensi moja. Mfasiri akiandika, “Kiini kipya kitaongeza uwezo wa mashine zako,” msomaji hajui kama aingie mtandaoni kupakua programu bila malipo, au aende dukani na fedha mkononi. Makosa ya aina hii hayaonekani katika tafsiri yenyewe, maana sentensi ni fasaha. Huonekana katika mfuko wa msomaji.

Mkanganyiko wa pili ni mkubwa zaidi. Vichakataji vingi huwezesha kiini kimoja kushika mifuatano miwili ya amri kwa pamoja. Mmoja ukisubiri data kutoka kwenye kumbukumbu, wa pili hutumia nafasi hiyo. Mfuatano huo umeitwa uzi, na wingi wake nyuzi. Katika ukurasa wa sifa za kichakataji kuna pia kiwango cha juu cha joto, na joto kwa Kiswahili hupimwa kwa nyuzi. Tumekwisha kukutana na maelezo ambamo “nyuzi 8” na “nyuzi 71” zimefuatana, ya kwanza ikiwa mifuatano ya amri na ya pili joto la sentigredi. Mtu angependekeza mkondo badala ya uzi, ila mkondo ni wa umeme, nao umeme hautajwi mbali na kichakataji.

Kosa la gharama zaidi, hata hivyo, ni kuuita uzi kiini. Nyuzi mbili za kiini kimoja hazifanyi kazi ya viini viwili. Hugawana vyombo vile vile vya kuchakatia, kama wapishi wawili wanaotumia jiko moja: huokoa muda wa kusubiri, lakini jiko ni moja. Muuzaji akisoma namba 8 na kumwambia mteja kuwa kichakataji kina viini 8, ilhali kina viini 4 na nyuzi 8, mteja amelipia vyombo ambavyo havimo.

5. Mwenyeji, mgeni na msimamizi

Wazo la mashine moja kujifanya mashine nyingi ni la zamani kuliko kompyuta za nyumbani. Lilikuzwa na watu wa IBM huko Cambridge, Massachusetts, katika miaka ya 1960, na mwaka 1972 kampuni hiyo ikatangaza mfumo wa VM/370, ambao ulimpa kila mtumiaji kitu kilichofanana na kompyuta yake peke yake. Mwaka 1974, mwaka ule ule wa marufuku ya kompyuta nchini kwetu, Gerald Popek na Robert Goldberg walichapisha masharti ambayo mashine lazima iyatimize ili jambo hilo liwezekane kwa usalama. Sharti kuu, kwa maneno mepesi, ni hili: kila amri inayoweza kugusa au kufichua hali ya mashine halisi lazima ikamatwe na kupelekwa kwa msimamizi kabla ya kutekelezwa.

Vichakataji vya Intel vilivyoenea katika kompyuta ndogo havikutimiza sharti hilo. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2000 uliorodhesha amri 17 za kichakataji cha Pentium zilizopita bila kukamatwa. Wafasiri watafurahi kujua kwamba tatizo hilo lilitatuliwa kwanza kwa tafsiri. Kampuni ya VMware, katika programu yake ya mwaka 1999, ilizisoma amri za mashine mgeni kabla hazijatekelezwa na kuzifasiri zile za hatari kuwa amri salama. Ilikuwa tafsiri ya papo kwa papo, tena isiyoruhusu kosa. Mwaka 2005 Intel, na mwaka 2006 AMD, ziliongeza msaada wa kazi hiyo ndani ya vichakataji vyenyewe. Mwaka 2007 programu ya KVM ikaingizwa katika kiini cha mfumo wa Linux, na tangu hapo mtu yeyote mwenye kompyuta ya kawaida ameweza kuendesha mashine pepe bila kununua programu.

Kiswahili kimepata hapa istilahi tatu ambazo hatuoni sababu ya kuzibadili. Mashine halisi ni mwenyeji. Kila mashine inayoendeshwa ndani yake ni mgeni. Programu inayogawa rasilimali baina yao ni msimamizi. Msomaji wetu hahitaji maelezo marefu, kwa maana anajua kwamba mgeni hapangi matumizi ya nyumba, na kwamba wageni wakizidi vitanda mwenyeji ndiye anayelala chini.

Neno pepe ndilo linalohitaji uangalifu. Kwa mkulima wa mpunga wa Usangu, pepe ni ganda lisilo na punje ndani, lile linalopeperuka ungo ukitikiswa. Kwa mtumishi wa ofisini, pepe ni la barua pepe, yaani kitu kinachokwenda kwa njia ya kielektroniki. Kwa fundi wa seva, pepe ni kitu kinachotenda kama mashine bila kuwa mashine ya kushikika. Maana ya kwanza ndiyo inayopotosha zaidi: humfanya mtu adhani kwamba mashine pepe haina gharama, na kwamba zinaweza kuongezwa bila kikomo. Kila mashine pepe hula kumbukumbu halisi, hutumia viini halisi, na huongeza umeme unaolipiwa kwa LUKU.

6. Uchaguzi wenyewe, Mbeya na Iringa

Kwa nini mtu wa Mbeya au Iringa aweke seva nyumbani? Sababu mojawapo ni elimu. Chuo cha Ufundi Mbeya, kilichoanzishwa mwaka 1986, kilikuwa taasisi ya sayansi na teknolojia mwaka 2005 na chuo kikuu mwaka 2012. Iringa, chuo kilichokuwa kishiriki cha Chuo Kikuu cha Tumaini, na ambacho leo ni Chuo Kikuu cha Iringa, kilianza shahada ya teknolojia ya habari mwaka 2007 kwa ushirikiano na Chuo Kikuu cha Joensuu cha Ufini. Walioiandaa walisisitiza kwamba mtaala ulioandikwa kwa ajili ya nchi zenye umeme wa uhakika na vipuri jirani haufai kuhamishwa ulivyo. Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano nao umepita katika miji hii kuelekea Tunduma. Mwalimu au mwanafunzi anayejifunza kusimamia mitandao huhitaji mashine kadhaa za kufanyia mazoezi, za kuharibu na kuzijenga upya. Mashine pepe humpa hizo ndani ya sanduku moja.

Tuchukue mfano. Mwalimu ana kompyuta ya mtumba ya ofisini yenye kichakataji Intel Core i3-6100: viini 2, nyuzi 4, gigahezi 3.7. Kumbukumbu ni gigabaiti 8. Anataka mashine pepe tano: ya mafaili, ya tovuti ya shule, ya majina ya mtandao, na mbili za mazoezi. Anaona seva inakwenda polepole, na rafiki amemshauri anunue prosesa.

Jambo la kwanza ni kupima. Mashine ya mafaili, ya tovuti na ya majina zikipewa gigabaiti 2, 2 na 1, zile mbili za mazoezi gigabaiti 4 kila moja, na mwenyeji abakiziwe 2, jumla ni gigabaiti 15. Kumbukumbu iliyopo ni 8. Mashine hii inachelewa kwa sababu inahamisha data kati ya kumbukumbu na diski. Hata ingepewa kichakataji bora kuliko vyote, ingeendelea kuchelewa. Aongeze kumbukumbu kwanza ifike 16 au zaidi. Baada ya hapo, kama viini vinaonekana kujaa kazi mfululizo na wageni wanangoja zamu, ndipo kichakataji kinapokuwa na hoja.

Jambo la pili ni kukaa mahali pake. Kompyuta ya mwalimu ina soketi ya vituo 1151. Neno soketi lenyewe linamkumbusha mnunuzi tundu la umeme la ukutani, lakini hilo ni dogo. La kushangaza ni kwamba hapa kanuni yetu inavunjwa hata na waundaji wa vifaa. Vichakataji vya kizazi cha sita na cha saba vya Intel hukaa katika soketi ya 1151. Vya kizazi cha nane, vilivyoanza mwaka 2017, navyo hukaa katika soketi ya 1151. Lakini kichakataji cha kizazi cha nane, kama Core i7-8700 chenye viini 6 na nyuzi 12, hakifanyi kazi katika ubao mama wa kizazi cha sita, ijapokuwa kinaingia. Jina moja, vitu viwili, na mnunuzi aliyesoma namba ya soketi peke yake amepoteza fedha zake. Kinachopaswa kuandikwa katika orodha ya ununuzi ni soketi, kizazi cha kichakataji, na namba ya ubao mama.

Jambo la tatu ni kuchagua baina ya vinavyokaa. Core i5-6500 kina viini 4 na nyuzi 4 kwa gigahezi 3.2. Core i7-6700 kina viini 4 na nyuzi 8 kwa gigahezi 3.4. Core i7-6700T kina viini 4 na nyuzi 8, lakini kwa gigahezi 2.8. Msomaji ataona kwamba vyote vitatu vina mapigo ya chini kuliko i3 anayoitoa mwalimu. Aliyezoea kuangalia namba moja atadhani anashushwa. Kwa programu moja inayotumia kiini kimoja, huenda asione nafuu kubwa. Kwa wageni watano wanaofanya kazi kwa zamu, viini 4 ni bora kuliko 2, na nyuzi 8 husaidia zaidi pale wageni wengi wanapokuwa na kazi ndogo ndogo kwa wakati mmoja.

Jambo la nne ni joto na umeme. i7-6700 hupewa kiwango cha wati 65, na i7-6700T wati 35. Wengi husoma namba hizi kama matumizi ya umeme ya kila saa. Sivyo, ni kiwango cha joto ambacho mfumo wa kupoza unapaswa kuweza kukiondoa kichakataji kinapofanya kazi nzito. Seva ya nyumbani hukaa bila kazi nzito sehemu kubwa ya siku, na wakati huo vichakataji hivi viwili hutumia umeme unaokaribiana. Tuseme tofauti ya wati 30 hudumu saa 4 kwa siku: kwa mwaka ni uniti 43.8. Kwa bei ya nyumbani iliyotangazwa mwaka 2016, shilingi 292 kwa uniti kabla ya kodi na tozo, hiyo ni shilingi 12,790 hivi. Ingedumu saa zote 24, ingekuwa uniti 262.8, sawa na shilingi 76,738. Kwa hiyo neno moja, kiwango cha joto dhidi ya matumizi ya umeme, linaweza kuipotosha hesabu ya nyumba mara sita.

Faida ya i7-6700T iko kwingine. Umeme unapokatika na seva ikabaki kwenye betri ya akiba, kichakataji chenye kikomo cha chini hurefusha dakika za kuzima mashine kwa utaratibu. Aidha, baridi ya Mbeya mwezi wa Julai isimfanye mtu apuuze feni. Kwenye mwinuko wa mita 1,700 hewa ni nyepesi kwa karibu asilimia 15 kuliko ya pwani, na feni ile ile hubeba joto pungufu kwa kila mzunguko. Vumbi la kiangazi humaliza yaliyobaki.

Jambo la mwisho ni kuhakikisha kwamba msaada wa mashine pepe umewashwa katika mipangilio ya ubao mama. Vichakataji vyote tulivyovitaja vinao, lakini kompyuta nyingi za ofisini zilikuja umezimwa. Mtu anaweza kununua kichakataji kipya kwa ajili ya kitu ambacho cha zamani kilikuwa nacho siku zote.

7. Upande wa ofisi

Yaliyosemwa juu ya mwalimu mmoja yanaihusu halmashauri pia, na kwa uzito zaidi. Sheria Na. 1 ya mwaka 2021 ilikifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama nchini Tanzania. Maana yake ni kwamba neno la Kiswahili katika hati sasa si kivuli cha neno la lugha nyingine; ndilo litakaloamua. Zabuni ikidai “seva 5 pepe zenye viini 8,” mzabuni mmoja ataleta mashine tano za chuma, mwingine ataleta moja yenye wageni watano, na wa tatu ataleta kichakataji chenye viini 4 na kudai kwamba nyuzi ni viini. Wote watatu watakuwa na hoja, na hasara itabaki kwa walipa kodi.

8. Mapendekezo

Hatupendekezi maneno mapya. Yaliyopo yanatosha, ila yawekewe mipaka. Tunatoa haya kwa wafasiri na walimu wayapime:

Kichakataji: kipande kizima kinachonunuliwa na kuwekwa kwenye ubao mama. Prosesa lihesabiwe kuwa kisawe chake halali.

Kiini cha kichakataji: sehemu moja kamili ya kuchakata ndani ya kichakataji. Kiini cha mfumo: programu ya msingi ya mfumo wa uendeshaji. Neno kiini lisiachwe peke yake katika hati inayogusa vyote viwili.

Uzi wa amri, wingi nyuzi za amri: mfuatano wa amri unaoshikwa na kiini. Kwa joto iandikwe nyuzijoto, kama neno moja, siku zote.

Kasi ya mapigo: idadi ya mapigo kwa sekunde, kwa gigahezi. Isitumiwe peke yake kumaanisha uwezo.

Kiwango cha joto: wati ambazo mfumo wa kupoza unapaswa kuziondoa. Kisiitwe matumizi ya umeme.

Mashine pepe: mashine mgeni inayoendeshwa na msimamizi ndani ya mwenyeji, kinyume chake ni mashine halisi. Ukiacha barua pepe, ambayo imekwisha kuota mizizi, vitu vingine vya njia ya umeme viitwe vya kielektroniki, ili pepe ibaki na kazi moja.

Kupandisha uwezo: kuweka kifaa chenye nguvu zaidi mahali pa cha zamani. Kusasisha kubaki kwa programu. Kupandisha daraja tuwaachie watumishi, ambao hupandishwa bila kung'olewa kwenye soketi.

9. Hitimisho

Tumeona kwamba kuchakata kulitoka kwenye korona za mkonge na kukaa vizuri katika kompyuta, kwa sababu waliolichukua neno hilo waliitazama kazi inayofanyika. Tumeona pia kwamba kompyuta na tarakilishi vimeishi pamoja bila kumdhuru mtu, wakati kiini, uzi na pepe, maneno mazuri yote, huwadhuru watu kwa kukosa mipaka. Hivyo basi, anayekusanya istilahi asijiulize tu kama neno linasikika Kiswahili. Ajiulize pia kama mwalimu wa Mbeya, akiwa na neno hilo pekee mkononi, ataweza kwenda dukani na kurudi na kitu alichokikusudia.